Beringi mpya inavuma: muuzaji anamlaumu fundi, fundi anailaumu spea

Ndugu Mshauri,

Salaam. Naomba unisaidie, maana napigwa danadana na watu wawili na kila mmoja anaapa kuwa kosa ni la mwenzake.

Gari langu dogo lilianza kuvuma mbele, upande wa kulia. Fundi akalipandisha jeki, akazungusha tairi kwa mkono, akasema beringi imekufa. Akaniuliza kama anunue yeye au nitatafuta mwenyewe. Nikaona nikinunua mwenyewe nitaokoa kidogo na angalau nitajua nimenunua nini. Nikaenda duka la spea na namba ya chesisi. Muuzaji akanitolea aina mbili: moja yenye boksi la kampuni iliyotengeneza gari, nyingine ya jina ambalo sijawahi kulisikia, nafuu zaidi kwa mbali. Akaniapia: "Ni kitu kile kile, tofauti ni boksi tu." Nikachukua mbili za hiyo nafuu, ya kulia na ya kushoto, nikijua ya kushoto nayo itafuata. Risiti ninayo. Juu imeandikwa "waranti miezi 6", na chini kwa herufi ndogo "mali ikishauzwa hairudishwi".

Fundi akafunga ya kulia. Ya kushoto hatukuifunga, ipo nyumbani kwenye boksi lake. Gari likanyamaza, nikafurahi. Isipokuwa taa ya ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki ghafla, iliwaka siku ile ile. Fundi akasema itazima yenyewe gari likishatembea. Mpaka leo inawaka, ila sikuitilia maanani kwa kuwa breki zinashika vizuri.

Sasa hata miezi miwili haijatimia mvumo umerudi, tena mkubwa kuliko ule wa mwanzo. Nikifika kilomita 60 kwa saa hatusikilizani ndani ya gari.

Nilirudi dukani. Muuzaji hakutoka hata kulitazama gari. Aliuliza swali moja tu: "Ilifungwa kwa presi, ile mashine ya kusukumia, au kwa nyundo?" Nikasema sijui, sikuwepo. "Basi fundi wako ameiua. Waranti yetu haihusu ufungaji mbaya." Kwa fundi nako nikaambiwa: "Hiyo spea feki. Si nilikwambia ninunue mimi?" Na anataka nimlipe upya kwa kuitoa na kufunga nyingine. Baadaye muuzaji alilegeza kidogo, akasema niitoe nimpelekee, ataituma kwa wakala wao ikachunguzwe, majibu yakija ataniita.

Nani kati yao anapaswa kunilipa? Nimpe hiyo beringi? Je, nifunge ile iliyo nyumbani wakati nasubiri, maana kulia na kushoto ni sawa? Rafiki yangu anasema niachane nao nitafute beringi orijino iliyotumika. Na kuna siku hasira zinanipanda nataka kuliweka jina la duka mtandaoni watu wajihadhari nalo.

Mwenye Gari Linalovuma

*

Ndugu yangu,

Pole sana. Kuna mambo mawili umeyataja kwa kupita tu, na kwangu ndiyo mazito kuliko mabishano yote ya hao wawili: taa ya ABS iliyowaka siku ya kazi, na beringi ya pili ambayo bado iko ndani ya boksi. Hiyo ya pili usiifunge. Nakwambia mapema kabla shida ya usafiri haijakushawishi. Ikishaingizwa kwenye gari itakuwa imepita mikononi mwa fundi, na muuzaji atapata tena pa kujificha. Kwa sasa hakuna awezaye kudai kuwa imegongwa nyundo.

Gari liegeshe. Beringi inayovuma kiasi cha watu kutosikilizana iko karibu na kulegea, na ikilegea gurudumu linaanza kucheza, na huko mbele linaweza hata kuchomoka. Halafu hizo breki "zinazoshika vizuri" zinashika bila ABS. Siku utakapozikanyaga ghafla kwenye lami yenye maji, magurudumu yanaweza kujifunga na gari likaendelea mbele hata ukikata usukani.

Halafu uhakikishe kuwa kinacholia ni beringi kweli, kwa sababu tairi lililolika mabonde mabonde huvuma karibu vile vile, na ukienda kudai ukiwa na ugonjwa usio wenyewe utaaibika na hutasikilizwa tena. Mwambie fundi ahamishe tairi za mbele ziende nyuma, alitembeze gari kidogo kwa mwendo mdogo. Mvumo ukihamia nyuma, ni tairi. Usipohama, akate kona pana kushoto: uzito unalemea magurudumu ya kulia, na beringi ya kulia iliyokufa huongeza sauti. Kisha gari lipande jeki. Mmoja azungushe gurudumu kwa mkono, wewe shika springi ya shokapu upande huo huo. Beringi mbovu utaihisi viganjani kama mkwaruzo, hata kama masikio hayajasikia kitu.

Sasa hiyo taa. Magari mengi ya siku hizi hayana tena ile pete ya meno ambayo sensa ya ABS ilikuwa ikiisoma. Badala yake, kwenye sili, yaani kizibo cha pembeni, ya upande mmoja wa beringi kuna utepe mwembamba wa mpira uliochanganywa na sumaku, na sensa inasoma sumaku hiyo inapopita mbele yake. Ukiishika beringi mkononi, pande zote mbili zinafanana kiasi kwamba fundi mwenye haraka anaweza kuigeuza bila kujua. Kwa hiyo taa ikiwaka mara tu baada ya beringi kubadilishwa, ninashuku mambo matatu. Huenda fundi ameigeuza, utepe ukatazama upande usio na sensa. Huenda ameumiza sensa au waya wake wakati wa kazi. Au beringi haina sumaku kabisa, maana zipo beringi zenye vipimo vile vile zilizotengenezwa kwa magari yasiyo na ABS. Mawili ya kwanza ni ya fundi. La tatu ni la muuzaji, na hapo habari ya presi na nyundo haina nafasi: ulimpa namba ya chesisi, akakupa spea isiyo ya gari hilo.

Ndiyo maana nimeing'ang'ania ile ya kwenye boksi. Chukua klipu ndogo ya karatasi, ifunge kwenye uzi, isogeze taratibu kwenye sili ya upande mmoja, kisha upande wa pili. Upande wenye utepe utaivuta. Usitarajie irukie, sumaku yake ni hafifu. Utaona uzi umeinama kidogo, au klipu imenata na inahitaji kubanduliwa. Usifanye kinyume, yaani usipeleke sumaku kwenye beringi, kwa sababu sumaku yenye nguvu inauharibu utepe wenyewe. Klipu isipovutwa upande wowote, bado usikimbilie dukani. Baadhi ya mafundi umeme wa magari wana kadi ya kuonyeshea sumaku: ukiiweka juu ya sili yenye utepe, michirizi inajitokeza pande zote kama miali. Pasipo michirizi, hapana utepe. Piga picha ya kadi ikiwa juu ya beringi, na boksi lenye namba likiwa pembeni yake.

Ile iliyo ndani ya gari nayo ipimwe kabla haijaguswa. Gari lisomwe kwa mashine, kasi ya magurudumu yote manne kwa pamoja. Mengine yakisoma kilomita 20 kwa saa na la mbele kulia likisoma sifuri, piga picha ya skrini hiyo na ya kilomita kwenye dashibodi.

Lakini tuwe waadilifu kwa muuzaji pia: beringi iliyogeuzwa inazima ABS, ila kugeuzwa peke yake hakuiui. Mvumo una chanzo chake, na hicho kitajulikana beringi ikitoka.

Kabla ya kuitoa, mwandikie muuzaji ujumbe, si simu, kwamba beringi inatolewa siku fulani mahali fulani, naye anakaribishwa kuja au kutuma mtu. Asipokuja, ujumbe unao. Fundi apige picha kila hatua, hasa uso wa beringi ukiwa bado mahali pake kabla ya presi. Hili nalisisitiza kwa sababu kuitoa kwenyewe kunaiumiza: habu, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake, ikisukumwa itoke, nguvu yote inapita kwenye gololi, na mara nyingi pete moja ya ndani hubaki imeng'ang'ania habu. Bila picha, makovu ya kutolea yatageuzwa kuwa makovu ya kufungia. Ikishatoka isioshwe. Grisi ilivyo, rangi yake, chembe za chuma zilizomo, vyote vinahitajika. Iweke kwenye mfuko safi, andika upande uliokuwa unatazama ndani na uliokuwa nje.

Mtu anayejua beringi, awe fundi wa karakana ya mashine au mhandisi, akiikata na kuifungua ataona mengi. Muuzaji hakuwa na ubaya kuuliza habari za nyundo. Beringi ya namna hii inapoingizwa kwenye chuma kinachobeba gurudumu, lazima isukumwe kwa pete ya nje. Ukisukuma pete ya ndani, au ukigonga, gololi zinajichimbia kwenye njia yake na kuacha vishimo vilivyopangana kwa nafasi ile ile ya gololi. Vishimo hivyo vikiwa vimeanza kubanduka chuma kingoni, beringi ilizunguka navyo muda mrefu, yaani viliingia siku ya kufunga. Vikiwa vipya, vinang'aa, bila mbanduko wowote, ni vya siku ya kutoa. Rangi ya kahawia au bluu kwenye pete ni joto kubwa. Kutu ndani ni maji yaliyopita kwenye sili. Lakini njia ya gololi ikiwa safi, haina vishimo vya kupangana wala dalili ya joto, na chuma kimebanduka magamba upande ule unaobeba uzito wa gari, hapo chuma kimechoka. Kuchoka ndani ya wiki chache wakati gari halijabebeshwa kupita kiasi wala halijagonga shimo kubwa? Huo ni ubovu wa spea, na muuzaji ndiye mwenye maelezo ya kutoa.

Kuna kosa jingine la ufungaji ambalo halihusu nyundo na watu wengi hawalijui: nati kubwa ya katikati ya habu. Nati hiyo ndiyo inayobana pete mbili za ndani zikae pamoja. Kwenye magari mengi madogo hukazwa kwa nguvu ya kati ya Nm 150 na 300, kila gari kwa kipimo chake, tena kwa spana ya kupimia na si kwa bunduki ya upepo na makadirio. Ikilegea, pete zinaachana na beringi inakufa mapema. Hata kulishusha gari likaketi kwenye magurudumu yake na kulisukuma nati ikiwa haijakazwa kunaweza kuiharibu. Muulize fundi kwa upole alikaza kwa kifaa gani, na kama alitumia nati mpya, kwa kuwa nyingi ni za kutumika mara moja.

Usigombane naye lakini. Wewe na yeye mnahitajiana: yeye ndiye pekee anayeweza kuandika tarehe ya kazi, kilomita zilizosomeka, na jinsi alivyofunga. Karatasi hiyo, hata ya mkono yenye sahihi, ndiyo muuzaji atakayoiulizia, kwa sababu waranti nyingi za spea zinadai ushahidi kuwa kazi ilifanywa na fundi anayeeleweka. Akikataa kuandika, nalo ni jibu.

Nani akulipe, basi? Uliyempa pesa ya spea ni muuzaji, kwa hiyo ubovu wa spea unamdai yeye. Asikutume kwa kiwanda wala kwa wakala. Hao ni wake. Ubovu wa kazi unamdai fundi. Ungemwachia fundi anunue na kufunga, mlango wa kugonga ungekuwa mmoja, na kwa kweli akiba uliyoipata kwa kununua mwenyewe mara nyingi ndiyo bei ya kupoteza faida hiyo. Kuhusu "mali ikishauzwa hairudishwi", maneno hayo yanamfaa mteja aliyebadili mawazo. Kwa mali mbovu, au isiyo ile uliyoomba, sheria za kumlinda mlaji katika nchi nyingi hazimruhusu muuzaji kujivua wajibu kwa mstari mmoja wa risiti. Gharama ya ufundi ni ngumu zaidi: waranti nyingi hulipa spea tu. Idai hata hivyo, kwa maandishi, kama hasara iliyotokana na spea aliyokuuzia. Muuzaji anayetaka kumaliza jambo huwa anachangia.

Beringi usimpe akaondoka nayo. Sisemi ana nia mbaya, ila spea ikishasafirishwa "kwa wakala" unabaki na neno lake tu, na majibu yakija yakisema ufungaji mbaya huna cha kupinga nacho. Ichunguzwe mbele yenu wote. Kama lazima itumwe, iende baada ya picha zote, na akusainie kuwa ameipokea, namba iliyochorwa kwenye pete ikiwa imeandikwa, na siku ya kurudisha. Unazo mbili, ya kwenye boksi ibaki kwako.

Barua ya malalamiko isizidi ukurasa mmoja. Ulinunua nini, lini, kwa namba gani ya gari, kilichotokea na kwenye kilomita ngapi, picha, unachotaka, kwa mfano kurudishiwa pesa ya beringi zote mbili na gharama ya kufunga, na siku unayotarajia jibu. Matusi yaache, yanampa sababu ya kujibu matusi badala ya hoja. Siku hiyo ikipita kimya, peleka nakala ile ile kwenye chombo cha kulinda walaji au mahakama ya madai madogo. Kama ulilipa kwa kadi, iulize benki kuhusu kupinga malipo sasa, maana muda wake huwa mfupi. Mtandaoni subiri kwanza. Ukifika huko, andika yaliyotokea na unayoweza kuyathibitisha, basi. Neno "matapeli" linaweza kukugeuza wewe kuwa mshtakiwa.

Hiyo kauli ya "kitu kile kile, tofauti ni boksi" inanichekesha kwa sababu mara nyingine ni kweli. Kampuni za magari kwa kawaida hununua beringi kutoka kwa kina SKF, NSK, NTN na Schaeffler, na hao hao huuza kwenye maboksi yao wenyewe kwa bei nafuu kuliko boksi lenye nembo ya gari. Jina lisilojulikana halina dhamana hiyo. Na jina linalojulikana nalo hughushiwa sana, ndiyo maana SKF wana programu ya simu ya SKF Authenticate na Schaeffler wana OriginCheck za kuhakiki ulichonunua. Kwa pedi za breki mnunuzi ana nafuu kidogo: kanuni namba 90 ya Umoja wa Mataifa inataka pedi mbadala zisipishane na za asili kwa zaidi ya asilimia 15 kwenye majaribio ya kushika breki, na zilizofaulu huwa na herufi E ndani ya duara na namba yenye 90R. Beringi haina alama kama hiyo. Soma namba kwenye pete, si kwenye boksi, uilinganishe na ile ya beringi uliyotoa.

Ushauri wa rafiki yako siukubali. Beringi iliyotumika ikishang'olewa kwa presi tayari imeumizwa, hata iwe orijino ya kwanza kutoka kiwandani. Kinachowezekana ni kununua chuma kizima cha gurudumu kikiwa na beringi na habu ambavyo havijaachanishwa, na hapo unabahatisha umri. Ningekuwa wewe ningenunua mpya ya kampuni inayojulikana, kupitia fundi, kwa risiti yenye jina lake, pamoja na nati mpya.